Majembe Mawili na Herufi Moja

Vitambaa vilikuwa havijasema neno bado.

Vilikuwa kwenye kamba tangu juzi, vipande thelathini vya amerikani, na mtu asiyejua angeapa kwamba vimemwagikiwa chai hafifu tu. Vivuli vya manjano hapa na pale, mistari mifupi, madoa yaliyopangana. Basi. Idda peke yake ndiye aliyejua kilicholala ndani yake. Yeye, na Hilari, aliyekuwa amechuchumaa kando ya pipa akichochea kuni, ukungu wa Njombe umemkalia mabegani kama shuka.

"Maji yamefika?" Idda aliuliza.

"Yamefika zamani. Wewe ndiye hujafika."

Ilikuwa kweli. Mwili wa Idda ulikuwa pale, katika karakana yake ya matofali mabichi nyuma ya soko, lakini moyo ulikwishatangulia Makambako. Kesho Jumamosi lori lingepita asubuhi, na vitambaa hivi vingekwenda kwa Mama Avelina, mwenye hoteli ya chai pale njia panda. Mama yule alikuwa ameagiza nakshi moja kwa hoteli nzima: vitambaa vya meza, mapazia, na vya kujitanda wasichana wake wanaopakua. Katikati ichorwe njia panda, pembeni machipukizi ya mianzi, na chini yake maneno ya kumpokea msafiri aliyechoka: *Mahali pako ni hapa.*

Tangu Idda aandike juu ya mlango wake kwa rangi nyeusi, IDDA HEZEKIA, NAKSHI ZA VITAMBAA, hajapata kupewa kazi ya ukubwa huo. Na baba yake alikuwa ameifunga kazi hiyo kwenye shingo yake kama kengele.

"Nimekuacha miaka miwili uchezee langi," Mzee Hezekia alikuwa amesema, mikono imeshika fimbo, miwani imeshuka puani. Kama Wabena wengi wa umri wake, mzee hakuwa na R mdomoni. Ilipopita hapo iligeuka L. "Sasa sikia. Kazi hii ya Makambako ikipokelewa, sitakutajia tena Iwawa. Ikikataliwa, Jumatatu namjibu Mwalimu Yonathani. Mtu mwema yule, Mlutheli mwenzetu, na baluwa zake za posa zimefika tatu."

"Na Hilari, baba?"

"Hilali ni fundi wa mbao. Mimi na mbao hatuna ugomvi. Lakini Hilali ni Mkatoliki, na nyumba hii nimeijenga juu ya zabuli zetu. Huyo nisimsikie."

Iwawa! Baridi yake hupasua midomo, na mwalimu huyo mgane alikuwa ameandika, kwa mwandiko mzuri kweli, kwamba huko hakuna haja ya mambo ya rangi kwa kuwa viazi havihitaji nakshi. Idda aliisoma barua ile mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unachezacheza. Meza ilitulia. Hiyo ndiyo faida pekee aliyoiona.

"Dada Idda, tunaanza au tunasali kwanza?" aliita Fidelia kutoka mlangoni, ndoo mbili mkononi. Fidelia alikuwa msaidizi wake, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufungwa. "Maana huyu shemeji yangu atayachoma magome ya watu."

"Fidelia, nani shemeji yako?"

"Mimi nimesema moto. Nimesema shemeji?"

Hilari aliinamisha kichwa, akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa. Masikio yake yalikuwa mekundu, na haukuwa moto.

Idda alikiteremsha kitambaa cha kwanza.

Elimu hii aliipata kwa bibi yake, aliyekuwa akizika milulu, nyasi za kusukia vikapu, kwenye tope jeusi la bonde hadi itoke nyeusi kama usiku. Kila mtu alidhani ni tope. Idda akaja kugundua si tope, ni chuma kilichomo ndani yake. Basi akatafuta chuma cha zamani, akakiloweka ndani ya mtungi wa ulanzi, pombe ya mianzi, uliochacha, ukawa maji makali yenye harufu ya kukunja pua. Maji hayo, yakikorogwa na wanga wa viazi yakawa mazito, ndiyo aliyoyapigia chapa. Yakikauka kwenye kitambaa huwezi kuyaona vizuri. Lakini kitumbukize kitambaa hicho ndani ya maji ya magome ya miti ya miwati, hayo yanayofanya mji mzima wa Njombe unukie, halafu ushike roho yako.

Siku baba yake, mzee wa kanisa, alipoukuta mtungi wa ulanzi karakanani, alinyanyua fimbo auvunje.

"Baba, huu hanywi mtu," Idda alimwambia akiukumbatia mtungi. "Huu linakunywa jembe."

Maana chuma chenyewe kilikuwa majembe. Mawili, ya kale, mapana kama jani, kazi ya wahunzi wa Kipangwa waliokuwa wakiyeyusha mawe ya Liganga kabla ya jembe la dukani. Hilari ndiye aliyeyaleta, mwezi wa kupanda, na hakumkuta Idda nyumbani. Alimkuta Mzee Hezekia barazani. Alipiga goti, akasema "Kamwene, baba," akayatoa majembe ndani ya gunia, na mzee kwa adabu ya Kibena akasimama akayapokea kwa mikono miwili.

"Chuma cha langi zako hicho, ameleta yule kijana," mzee alimwambia binti yake jioni ile. "Kizito. Cha kweli."

Idda aliyavunja kwa nyundo mwenyewe, akayalisha mtungi kipande kwa kipande.

Sasa alishika kitambaa kwa pembe mbili, Hilari akashika mbili nyingine. Walitazamana juu ya mvuke. Kisha wakakishusha.

Kwanza hakikutokea kitu. Maji ya kahawia yalikimeza kitambaa chote. Idda alihesabu moyoni, moja, mbili, tatu, kama alivyozoea, na kama ilivyo kawaida yake alisahau kupumua.

Halafu njia ikatokea.

Ilitoka majini polepole, kama watu wanavyotoka ndani ya ukungu wa asubuhi, kwanza kivuli, kisha umbo, kisha mtu kamili unayemjua jina. Njia ya kwanza, ya pili, ya tatu, zikakutana katikati. Machipukizi ya mianzi yakasimama pembeni moja baada ya jingine kana kwamba mvua imenyesha mara hii. Weusi wake haukuwa weusi wa dukani. Ulikuwa na kina. Ungeweza kuutazama ukahisi unatazama ndani ya kisima.

"Yesu wangu," Fidelia alinong'ona. Ndoo zilikuwa bado mkononi mwake.

Hilari aliinamia pipa. Machozi yalikuwa yamemlenga na hakuyaonea aibu. Yeye ndiye aliyechonga kibao cha chapa hizo kule Matembwe baada ya kazi ya kupasua mbao, miezi mitatu, akichonga kila kitu kinyumenyume, na mpaka dakika ile alikuwa hajawahi kuona kazi ya mkono wake ikifufuka.

"Hivi ndivyo inavyokuwa siku zote?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

"Siku zote," Idda alijibu. "Na siku zote sijazoea."

Na alipomtazama, akajiona naye anatazamwa. Wala si kitambaa alichokuwa akikitazama Hilari tena. Idda alisikia joto likimpanda kutoka miguuni, akashukuru Mungu kwa mvuke.

Maneno yalikuja mwisho, chini ya njia panda, herufi kubwa zilizosimama wima kama wanakwaya.

"Someni, someni!" Fidelia alirukaruka. Alikuwa amesoma masomo ya jioni pamoja nao, na hakuna kilichompendeza kama kuonyesha. "Mahali! Pako! Ni! Hapa!"

Idda alitabasamu. Kisha tabasamu likaganda.

"Fidelia. Rudia hilo neno la kwanza."

"Ma-ha-li."

"Herufi hiyo ya mwisho kabla ya I. Ikoje?"

"Hiyo hapo. Ina tumbo, tena ina mguu."

"L haina tumbo, Fidelia."

Kuni zilipasuka ndani ya moto. Fidelia alisogeza uso karibu na kitambaa, akarudi nyuma, akaziba mdomo kwa mkono.

MAHARI PAKO NI HAPA.

"Hilari," Idda alisema taratibu, "hii ni herufi gani?"

"Ni R." Alisema kwa kujiamini kabisa. "Ulinitajia kwa mdomo pale kwenye lori, unakumbuka? Nikajisemea, Idda anaitamka kwa Kibena chetu. Mwalimu wa jioni kila siku anatupigia kelele, acheni L zenu, acheni L zenu. Basi nikaweka ya kisomi."

"Ya kisomi."

"Ndiyo."

"Hilari, mahali ni mahali! Pa kukaa, pa kulala! Ya kwako ni ile ya ng'ombe! Ile anayopelekewa baba wa msichana!"

Alimwona akielewa. Ilimfika kama ndoo ya maji ya Juni. Alitazama kamba, vitambaa ishirini na tisa vinavyosubiri, vyote vimekwishapigwa chapa, vyote vimebeba neno lilelile tumboni.

"Mungu wangu. Vyote?"

"Vyote!"

"Na amerikani nyingine?"

"Hakuna. Na lori ni kesho. Na baba atakuwamo ndani ya lori hilo, anakwenda kuona kwa macho yake." Alielekeza kidole kwenye kamba. "Miezi mitatu, Hilari! Usingeniandikia hata kikaratasi ukaniuliza?"

"Na wewe ulikishika kibao Jumanne," Hilari alisema. Hakusema kwa ubishi. Alisema kwa mshangao. "Ulikishika muda mrefu. Ulikigeuza huku na huku. Nikajua umekisoma. Kama hukukisoma, ulikuwa unatazama nini?"

Idda aligeukia pipa.

Jumanne alikuwa ametazama mikono. Hilari alipokuwa akikifungua kibao kutoka ndani ya koti lake, Idda aliona kovu jipya kwenye kidole gumba, aliona vumbi la mti kwenye kucha, aliona jinsi mikono mikubwa ile ilivyokishika kibao kama mtu anayempokea mtoto mchanga. Herufi zilikuwepo, zimegeuka nyuma mbele. Angeweza kuzisoma, mtu wa nakshi husoma kinyume kama wengine wanavyosoma mbele. Hakuzisoma. Hata angepigwa angeapa kwamba siku ile kibao hakikuwa na herufi.

"Nauliza tu," Hilari alisema, taratibu zaidi.

"Mimi nakwenda kuteka maji," alisema Fidelia.

"Ndoo zimejaa, Fidelia."

"Nitayamwaga nikateke mengine."

Akaondoka kweli, maji yakimwagika njiani. Wakabaki wawili, na mvuke.

"Kosa ni letu wawili," Idda alisema mwisho, akitazama chini. "Usiniulize zaidi."

Hilari hakumwuliza. Alichukua pembe mbili za kitambaa cha pili. "Tuvitumbukize vyote," alisema. "Kazi iliyoanza imalizwe. Kesho nakwenda nawe. Nitasimama mbele ya Mama Avelina niseme herufi ni yangu."

"Baba atakuwepo."

"Ndiyo maana nakwenda."

Walifanya kazi mpaka saa nane mchana, kitambaa baada ya kitambaa, na jambo la kushangaza ni kwamba pamoja na hofu yote ile, kila njia panda ilipotoka majini, wote wawili waliacha kupumua. Walipomaliza, mikono yao ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Weusi ule hauna dawa ya sabuni. Hukaa mpaka uchoke wenyewe.

*

Upepo wa Makambako hauna adabu. Ulimvua Mzee Hezekia kofia alipokuwa akishuka kwenye lori, na Hilari akaikimbilia, akaipangusa vumbi, akamrudishia kwa mikono miwili. Mzee aliipokea. Aliitazama mikono ile myeusi, akamtazama binti yake aliyeficha ya kwake ndani ya kitenge, akakohoa.

"Asante, Hilali," alisema, na hakuongeza.

Hoteli ya Mama Avelina ilisimama palepale njia zinapoachana, moja ya Iringa, moja ya Mbeya, moja ya kurudi Njombe na kushuka Songea. Hakuna aliyepita Makambako asinywe chai pale. Mchana huo kulikuwa na abiria wapatao ishirini kwenye mabenchi, na mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mwanamke mnene mwenye rozari shingoni na mwiko mkononi.

"Haya, mwanangu, nimesubiri mpaka nimenenepa!" alimlaki Idda. "Kamwene, mzee. Kaeni, chai ipo. Lakini kwanza nionyesheni, nisife na hamu."

Idda aliweka mzigo mezani. Hilari ndiye aliyefungua fundo. Wakashika kitambaa cha juu, huyu huku na huyu kule, kama jana, wakakifungua.

Kelele za chai zilikoma.

Kikombe kimoja kiliwekwa mezani. Mtu mmoja alisimama aone vizuri, kisha wa pili. Upepo uliingia ukakitikisa kitambaa, na njia tatu nyeusi zikawa kama zinatembea. Mama Avelina aliisogelea ile njia panda yake, aliyoishi juu yake miaka yote hiyo bila kuiona, akaigusa kwa ncha ya kidole. Akalamba kidole. Akaisugua. Akaagiza beseni na sabuni, akafua pembe ya kitambaa mbele ya watu wote kwa nguvu za mikono yake, akaikamua.

Maji ya beseni yalibaki meupe.

"Bikira Maria," alisema. Na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwanangu. Mkono gani huu umepewa?"

Idda alimtazama baba yake. Mzee Hezekia alikuwa amevua miwani, anaifuta, anaivaa tena, kama mtu asiyeamini kioo chake.

Ndipo Mama Avelina alipoinama kusoma. Yeye alisomeshwa na masista, na R aliijua.

"Ma-ha-ri," alisoma. Akasoma tena. Bega lake likaanza kutikisika. "Mahari pako ni hapa? Jamani! Mimi nimeagiza mahali, mmeniletea mahari! Nani anaolewa hotelini kwangu?"

Hoteli nzima ililipuka. "Mama Avelina, ng'ombe wako wako wapi?" alipiga kelele mwanamume mmoja mwenye koti la kijani. "Mimi nipo, nina mbuzi wawili!" alidakia mwingine. Mama mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Lakini alipomaliza, alitikisa kichwa.

"Ni kazi ya ajabu, binti yangu. Naapa sijaona. Lakini nitaitundikaje? Kila dereva atakayekula wali hapa ataniuliza posa. Hii ni hoteli, si nyumba ya mshenga." Akakikunja kitambaa taratibu, kwa huruma, akakirudisha juu ya mzigo. "Nichoreeni nyingine, eh? Mwakani, Mungu akipenda."

Mwakani. Idda alihisi ardhi ya Makambako ikimwacha. Mzee Hezekia alikuwa amekwishasimama. Uso wake haukuwa na furaha ya mshindi. Idda angependa uwe nayo, angalau angepata wa kumkasirikia.

"Basi, mwanangu," alisema mzee kwa upole. "Tulikubaliana. Jumatatu."

"Mzee, naomba kusema."

Hilari alikuwa amesogea mbele. Mikono yake myeusi ilikuwa wazi mbele yake, watu wote wakaiona.

"Herufi ile niliichonga mimi. Idda hana kosa. Ni ulimi wangu wa Matembwe, nilitaka kuonekana nimesoma." Mtu alicheka, akanyamazishwa. "Lakini mzee, umekiona kitambaa. Huu weusi, unajua umetoka wapi?"

"Kwenye ulanzi," alijibu mzee kwa uchungu. "Najua."

"Umetoka kwenye majembe mawili. Uliyapokea wewe, barazani kwako."

"Nakumbuka. Chuma cha langi."

"Kilikuwa chuma cha rangi, mzee, sikusema uongo. Lakini sikusema yote." Hilari aliitazama mikono yake. "Majembe yale babu yangu aliyatoa kumwolea bibi, kabla Mjerumani hajafika nchi hii. Bibi alikataa yasilime. Alikataa yasiuzwe. Alisema yatatoka siku moja tu, siku mjukuu wake atakapoona mtu wa kumwoa. Akafa yakiwa juu ya dari. Mimi nikayashusha, nikaja kwako. Nilitaka kusema. Nilifika mlangoni nikakuona na zaburi yako mkononi, nikakumbuka mimi ni nani na wewe ni nani, ujasiri ukanitoka. Nikasema ni chuma tu. Lakini niliyaleta kama yanavyoletwa. Nilipiga goti."

Abiria wa nyuma wakasogea karibu.

Idda alisimama akiwa ameshika meza. Majembe yale! Aliyavunja yeye, kwa nyundo, akilalamika kwamba ni magumu. Aliyakoroga kwa mwiko miezi saba, asubuhi na jioni, akiimba. Alikuwa amekoroga mahari yake mwenyewe bila kujua, na jana ilitoka majini mbele ya macho yake, nyeusi, safi, isiyofutika kwa sabuni, na akamgombeza mtu kwa herufi moja. Alimtazama Hilari kana kwamba ndiyo kwanza anatokea kwenye ukungu.

"Kwa nini hukuniambia?" alinong'ona.

"Nilikuambia," Hilari alisema. "Kumbe mkono wangu uliandika."

"Kumbe kitambaa hakijakosea!" Mama Avelina alipiga mwiko mezani. "Kimesema kweli tupu! Mahari si hiyo hapo, imo ndani! Lete, lete mzigo wangu huku. Vyote thelathini. Na dereva akiniuliza, nitamsimulia toka mwanzo, na hadithi ndefu hivyo hainywewi chai moja."

Watu walipiga vigelegele. Lakini Idda hakuwasikia, wala Hilari. Walikuwa wanamtazama mzee.

Mzee Hezekia aliusogelea mzigo. Alikifungua kitambaa kile tena, akapitisha vidole juu ya herufi, moja moja, kama anayesoma kaburi la mtu aliyempenda. Alikuwa mtu wa kanisa, naam, lakini kabla ya kanisa alikuwa mtoto wa Mbena, na kuna mambo baba zake walimfundisha akiwa hajaijua A. Jembe la posa ukilikataa, unalikataa likiwa bado chini. Ukishalishika kwa mikono miwili, umejibu.

"Niliyapokea," alisema, kana kwamba anaungama. "Kwa mikono miwili. Nilisema ni mazito."

"Ulisema ni ya kweli, baba," Idda alisema.

"Nilisema." Mzee alimgeukia kijana. Upepo ulivuma njia zote tatu. "Hilali, mshenga wako ni nani?"

"Sina, mzee. Nilikuja mwenyewe."

"Jembe haliji lenyewe. Utatafuta mshenga, aje aseme kwa mdomo yale uliyosema kwa mbao. Na habali ya kanisa, hiyo bado. Hiyo ni ndefu. Mimi nitaumia, na padli wako ataumia, na mchungaji wangu atakuja na chai yangu ataikataa." Aliwaangalia wote wawili, viwiko vyeusi huku, viwiko vyeusi kule, na kitu kikalegea usoni mwake. "Lakini siwezi kuludisha majembe yaliyokwisha kuliwa na mtungi."

Alikikunja kitambaa kile kimoja, akakiweka begani mwa binti yake, akakinyoosha upindo ili maneno yaonekane. Kisha akasema, kwa ulimi wake uleule ambao Mungu aliunyima R:

"Mahali nimekwisha kuiona. Sasa nendeni mkanionyeshe mahali."

Na hotelini mle, palipokuwa na watu wa Iringa, wa Mbeya na wa Songea, hakuna hata mmoja aliyehitaji kuuliza ipi ni ipi.